Petroli Inavuja: Nani Atalala Chini ya Gari?



Mwenzetu mmoja wa idara ya mitambo amenunua gari. Jina lake hatulitaji, kwanza kwa sababu amekwisha kutaniwa vya kutosha, na pili kwa sababu yaliyompata yangeweza kumpata yeyote kati yetu. Gari lenyewe ni Subaru Impreza, aina ile ya mbio, yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti na mngurumo wa kuamsha mtaa mzima. Alilipata katika moja ya yale maghala ya magari yaliyotumika hapa Kampala, ambayo sote tunayaita bondi, kwa akiba ya miaka sita pamoja na mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo.

Wako waliosema kwamba mfanyakazi wa kiwandani hana ruhusa ya kununua gari la mbio ilhali watoto wake wanadaiwa ada ya shule. Sisi hatumo katika maneno hayo. Aliyevuja jasho ana haki ya kupenda kitu. Mwaka 1999 Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari akiendesha Impreza, vijana wengi wa Uganda waliweka gari lile moyoni, na vijana hao ndio watu wazima wa leo wanaoshika spana katika viwanda vyetu. Neno letu la leo halihusu anasa. Linahusu petroli, na linahusu kijana mmoja wa gereji ambaye nusura tumuue.

Siku ya mshahara mwenzetu alijaza tenki pomoni kwa mara ya kwanza. Mpaka siku hiyo alikuwa akinunua lita tano tano, kama tufanyavyo wengi. Asubuhi yake aliliegesha gari uani, karibu na karakana, mahali ambapo mashine ya kusagia chuma hurusha cheche mchana kutwa. Aliyegundua jambo alikuwa askari wa getini. Alisema ananusa petroli, akainama, akaona doa chini ya gurudumu la nyuma la kulia, na juu ya doa tone jingine linakuja. Hongera kwa askari yule. Wapo wenye vyeo vikubwa waliopita hapo hapo asubuhi ile wakiwa wameziba pua.

Gari lilisukumwa kwa mikono mpaka ng'ambo ya ua, bila kuwashwa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kufanywa sawasawa, na kwa bahati mbaya lilikuwa la mwisho kwa muda.

Mwanzoni tulilichukulia kama suala la fedha tu. Tulipiga hesabu: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na hata tukisema matone 40 ndiyo yajazayo mililita moja, zinapotea lita mbili na zaidi kati ya asubuhi na asubuhi. Kwa bei iliyokuwa ikicheza wakati huo karibu na shilingi 5,000 kwa lita, hicho kilikuwa chakula cha nyumba. Basi mmoja wetu akaleta kipande cha sabuni ya mche, akakipaka kwa kidole pale palipoonekana pabichi. Kila dereva wa nchi hii anaijua dawa hiyo, na ni kweli kwamba sabuni huzuia kwa saa kadhaa. Lakini haikuzuia, kwa sababu tuliipaka mahali ambapo mafuta yalikuwa yakidondokea, wala si mahali yalipokuwa yakitokea. Petroli hutembea. Huanza juu, hufuata bomba, hufuata ukingo wa bodi, kisha hudondoka mbali na kosa lenyewe, na mtu mwenye haraka huziba pasipohusika.

Jioni tulikwenda watu wanne kulipeleka gari gereji. Gereji yenyewe hatuitaji, maana haina ubaya uzidio wa nyingine zilizo jirani nayo. Ni kiwanja cha udongo mweusi wa oili, mabati mawili matatu, mashine ya kuchomelea iliyounganishwa kwa waya uliofungwa kwa mfuko wa plastiki, na mbele yake muuza chapati na jiko lake la mkaa. Fundi mkuu alitazama kwa dakika moja, akatoa hukumu: tenki limeoza kwenye mshono, lishushwe, lichomelewe, kesho asubuhi gari litakuwa tayari. Bei aliyotaja ilikuwa nafuu na sisi tulifurahi.

Kazi alipewa kijana. Alisema ana miaka kumi na saba. Sura yake ilisema kumi na mitano. Aliingia chini ya gari akiwa amelala juu ya kipande cha boksi, simu mdomoni ikimpa mwanga. Alipotoka akachukua mpira, akaingiza upande mmoja katika tenki, upande mwingine akautia kinywani akavuta. Akatema mate, akavuta tena, petroli ikaanza kumiminika ndani ya jerikeni. Yule muuza chapati alikuwa hatua kumi hivi kutoka pale, anapuliza mkaa wake. Kijana akatugeukia, macho yakimtoka machozi, akasema, “Usijali, bosi. Tunazoea.”

Tungependa kila msomaji asimame kidogo katika neno hilo. Bosi! Katika kikundi kile kulikuwa na mwakilishi wa wafanyakazi, kulikuwa na mjumbe wa kamati ya usalama, na kulikuwa na mtu ambaye mwezi uliotangulia alimkaripia meneja mbele ya wote kwa kuwanyima watu wa idara ya rangi barakoa za kuzuia mvuke. Hao wote walikuwa wamesimama mikono mfukoni, wakimtazama mtoto wa watu akinywa petroli kwa ajili yao, na hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa tumeshika ufunguo wa gari na noti za kulipia, na hiyo ilitosha kutugeuza waajiri kwa saa nzima. Tukawa waajiri wa namna ile ile tunayoilaani kila mwezi katika ukurasa huu.

Aliyetuzindua ni mzee wetu wa chumba cha boila, mtu asiyependa maneno. Kijana alipokwisha kushusha tenki, akaligonga kwa ngumi likalia kama ngoma, akasema, “Tupu kabisa, tuanze.” Mzee akasema, “Likiwa tupu ndiyo baya.” Akakaa juu yake. Naam, alikalia tenki, akakataa kuondoka. Fundi mkuu alikasirika, mwenye gari aliona aibu, lakini mzee hakuinuka.

Sababu yake inafaa ielezwe kwa urefu, kwa kuwa tumegundua kwamba hata mafundi wenye miaka mingi kazini hawaijui. Petroli yenyewe, ikiwa maji maji, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo hutoka wakati wote, hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kampala. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi ukapotea, bali hutambaa chini kama maji, huingia mashimoni, hufika kwenye jiko la chapati bila kuonekana. Ili uwake, unahitaji kuwa sehemu ndogo tu ya hewa: kiasi cha asilimia 1.4 mpaka 7.6. Ukizidi hapo hauna hewa ya kutosha, ukipungua haupati nguvu.

Sasa chukueni tenki la lita 60 lililomiminwa. Ili hewa ya ndani yake ifike kwenye kiwango cha kulipuka, inatosha petroli ya kujaza kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja! Na nani anaweza kuapa kwamba katika mikunjo ya tenki, katika mshono na ndani ya kutu, hakukubaki kijiko? Moto wa kuchomelea ukigusa chuma hicho, mvuke wote huwaka kwa mara moja, na kwa kuwa umefungiwa, bati hupasuka na kuruka. Anayeinama juu yake ni mtu mmoja tu, naye siye mwenye gari. Wala msielewe kwamba tunasifu kuchomelea tenki lililojaa. Hilo ni wazimu wa aina nyingine.

Wengine watasema kwamba mafundi huliosha kwanza kwa maji moto na sabuni. Ni heri kuliosha kuliko kutoliosha, lakini petroli iliyojificha katika kutu na mshono hutoka upya chuma kinapopata moto, baada ya fundi kuamini kwamba amemaliza. Viwanda vyenye kazi hiyo hufukiza kwa mvuke wa maji moto kwa muda mrefu, hujaza tenki kwa gesi isiyowaka, kisha hupima hewa kwa kifaa kabla ya mtu kusogeza moto. Gereji ya kiwanjani haina hata kimoja cha vitu hivyo.

Hapa tuna neno maalum kwa ndugu zetu wa mashamba ya miwa na chai. Ninyi mna karakana za matrekta, na matrekta hutumia dizeli. Dizeli ni mpole kwa kulinganisha, maana haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipashwe joto la zaidi ya nyuzi 50. Kwa sababu hiyo fundi wa trekta anaweza kuchomelea matenki kumi ya dizeli bila kuona kitu, akajenga mazoea, na siku moja akaletewa tenki la pikipiki ya mnyapara. Mazoea ya dizeli ndiyo yatakayomuua kwenye petroli. Na hata dizeli, chuma kikipata moto wa kuchomelea, hutoa mvuke wake. Mtu aliyenusurika mara kumi asidhani amepewa leseni.

Petroli iliyo nje ya chombo chake tunaijua katika nchi hii. Usiku wa tarehe 29 Juni 2013, pale Namungoona katika barabara ya Northern Bypass, lori la mafuta liligongwa, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Waliokufa walizidi 30, wengi wao vijana wa boda boda. Tarehe 22 Oktoba 2024 ilikuwa Kigogwa, katika barabara ya Bombo, kwa namna ile ile. Morogoro nchini Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya watu 100. Baada ya kila moja ya misiba hiyo husikika sauti za kuwalaumu maskini kwa tamaa yao ya jerikeni moja. Lakini gereji zetu huua mmoja mmoja, kimya kimya, na hakuna anayetangaza siku ya maombolezo.

Turudi kwa gari. Mzee alipolikalia tenki, mafundi wawili walianza kulikagua upya kwa tochi, safari hii bila haraka. Waliligeuza huku na huku. Mshono ulikuwa mzima. Tenki zima lilikuwa zima! Ubovu ulikuwa katika bomba la kujazia, lile litokalo kwenye kifuniko cha mafuta kushuka mpaka tenkini. Katika magari ya aina hii bomba hilo hupita nyuma ya gurudumu, limefunikwa kwa kinga ya plastiki, na nyuma ya kinga hiyo hujikusanya matope. Gari likiwa limetumika katika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha barafu, chumvi hukaa hapo na kula chuma taratibu. Gari huja kwetu limeng'arishwa, limepakwa nta, viti vinanukia, na kutu imelala mahali ambapo mnunuzi haoni. Kwa nini halikuvuja tangu siku ya kwanza? Kwa sababu lita tano hazifiki juu. Tenki lilipojazwa, petroli ikapanda mpaka kwenye tundu.

Kwa hiyo kijana yule angechomelea tenki zima lisilo na tundu. Angekufa kwa kazi isiyokuwepo.

Bomba jingine lilipatikana Kisekka siku ya pili, kutoka kwa gari lililobomolewa, likiwa zima. Likafungwa pamoja na mpira mpya na klipu mpya mbili, gari likiwa uwanjani, waya wa betri umetolewa, na jiko la chapati limehamishwa kwa makubaliano na malipo ya chai. Gharama yote haikuzidi sana ile ya kuchomelea. Wakati wa kuondoka tulimkuta kijana ananawa mikono kwa petroli tuliyoitoa wenyewe tenkini. Tukampa ile sabuni ya mche. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo husababisha kansa ya damu kwa mtu anayekaa nayo miaka mingi, na hupita kwenye ngozi. Tena anayevuta mafuta kwa mdomo, yakimwingia mapafuni hata kidogo, mapafu huungua. Naye asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi. Pampu ya mkono ya kunyonyea mafuta si ghali. Mwenye gari alinunua moja akaiacha pale gereji. Hatujui kama bado ipo.

Sasa yako mambo ambayo tunataka yasemwe katika mikutano ya matawi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, bila kuadhibiwa. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, wategemezi wake walipwe mshahara wake wa miezi 60. Ni sheria nzuri, na sisi tuliopo viwandani tumezitumia, japo kwa kugombana. Lakini kijana wa gereji hana barua ya kuajiriwa. Hulipwa kwa chakula cha mchana na “kitu kidogo” mteja akiridhika. Mara nyingi wazazi wake ndio waliolipa ili afundishwe. Miezi 60 ya mshahara upi itahesabiwa?

Chama cha ATGWU kimeonyesha kwamba madereva wa boda boda, ambao zamani ilisemekana hawawezi kuungana kwa kuwa hawana mwajiri mmoja, wanaweza kuingia katika chama cha wafanyakazi. Kama dereva wa boda boda ameweza, fundi wa gereji na mwanagenzi wake kwa nini wasiweze? Watu hawa ni wengi mno katika jiji hili, na kila siku wanatengeneza magari yanayobeba chakula chetu na bidhaa za viwanda vyetu. Hatusemi ni kazi rahisi. Fundi mkuu naye ni mtu wa kuhurumiwa: ana kodi ya kiwanja, ana mteja anayetaka gari kesho asubuhi kwa nusu bei. Mteja huyo, ndugu zetu, mara nyingi ni sisi.

Ndiyo maana tunaanza na wanachama wenyewe. Yeyote mwenye gari, pikipiki au jenereta, akinusa petroli, azime, alisukume mbali na moto, na asirudishe ufunguo mpaka chanzo kimeonekana kwa macho. Tenki likiwa na tundu, atafute jingine. Akiambiwa litachomelewa, aseme hapana, hata kama ndiyo bei aliyoimudu, hata kama fundi atacheka. Ikiwa hana fedha za tenki jingine mwezi huu, gari likae. Tunajua maneno haya ni magumu kwa mwenye mkopo, lakini tusimpe mtoto wa mtu mwingine kazi ambayo tungeikataa sisi wenyewe kiwandani na kuitisha mgomo juu yake.

Kamati za usalama nazo ziangalie ua. Tumezoea kukagua mashine na kusahau maegesho. Katika kiwanda chetu pikipiki na magari ya wafanyakazi yalikuwa yakisimama karibu na karakana kwa sababu ya kivuli. Hoja ya kuhamisha maegesho imewasilishwa, na uongozi umejibu kwamba utaifikiria pamoja na bajeti. Hoja ya pili, ya tawi kuwakaribisha mafundi wa gereji za jirani katika mafunzo yetu ya usalama, ilijadiliwa kwa saa mbili bila kuafikiana, maana wako wanaouliza nani atalipa ada yao. Itarudi katika mkutano ujao. Mzee wa boila ameombwa aje kuzungumza, naye amesema atakuja kama hatatakiwa kutoa hotuba.

Kwa sasa Impreza linaegeshwa peke yake ng'ambo ya ua, chini ya mwembe, na mwenye nalo hulitembelea kila saa ya chakula, akainama na kunusa.